CV za Munne na Chapati za Rachita

Hii mtasema nimeitunga. Semeni tu. Ilitokea mchana kweupe, ofisini kwa mwalimu mkuu, hapa hapa Bareilly, India, na aliyekutwa nayo mpaka leo hapendi kusikia neno CV.

Rachita Gangwar alikuwa ametuma CV shule tisa. Tisa, na hakuna hata moja iliyompigia. Chuo cha ualimu kamaliza, hesabu anazijua, muhula mpya unaanza Aprili mosi. Baba yake alishamwambia, tena kwa upole, na huo upole ndio uliomuumiza, kwamba Aprili ikimkuta hana shule ataingia kwenye duka la vitambaa la mjomba. Na Rachita alijua, akishakaa nyuma ya ile kaunta, hatoki.

Akarudi kwa Munne.

Munne ana kibanda cha kompyuta na fotokopi karibu na stendi. Anavyofanya kazi ni hivi: anafungua faili la mteja aliyepita, anafuta jina, anabandika picha yako, basi. Januari Rachita alimsimulia kwamba ana watoto saba wa majirani anawafundisha uani kwao, miaka sita sasa, na hesabu za sehemu anawafundishia chapati. Ukiikata robo sawasawa unaila, ukikosea anaila mwenzio. Munne alicheka mpaka akakohoa. Ya chapati akaiandika. Ya uani akaikataa, akisema tuisheni siyo kazi.

Safari hii alimtazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyechelewa kuja.

"Dada, wanakunyima kwa sababu huna uzoefu. Nakuwekea miaka miwili ya kufundisha, mji wa Pilibhit."

"Kaka Munne, Pilibhit sijawahi hata kushuka basi."

"Kuna shule kule ilifungwa. Nani atampigia nani?"

Sasa mnajua CV zetu zinavyoisha. Chini kabisa unathibitisha kwamba yote uliyoandika hapo juu ni kweli, unaweka mahali, tarehe na sahihi. Watu wanausaini ule mstari bila hata kuusoma. Rachita aliusoma mara tatu, kalamu mkononi, mpaka waliopanga foleni nyuma yake wakaanza kuguna. Akasaini.

Siku ya tatu simu ikaita. Aje Alhamisi, saa nne.

Alifika saa tatu, kavaa sari ya mama yake iliyoshikiliwa na pini tano, na kila alipovuta pumzi alihisi moja inataka kufyatuka. Kwenye benchi alimkuta dada mmoja anaitwa Sumbul, mcheshi, akampisha nafasi na kumpa maji. Sumbul alisema shule yake imempunguza kazini na ana mtoto anayeanza darasa la kwanza. Halafu akaitoa CV yake, akawa anaikariri kwa sauti ndogo. Miaka miwili, Pilibhit. Hufundisha sehemu kwa kutumia chapati.

Rachita akaichungulia ile karatasi: maneno yale yale ya Munne.

Akafikiria kuondoka. Alishainuka, kweli, lakini mlango ukafunguliwa na karani akawaita wote wawili kwa pamoja.

Madam Khanduri, mwalimu mkuu, ni mwanamke mwembamba, miwani puani, hana haraka. Alikuwa amezipanga karatasi nne mezani kama mtu anayecheza karata. Akawaambia wiki hii pekee amepokea walimu wanne wa hesabu kutoka shule moja ya Pilibhit, na kwamba shule yenye walimu wengi hivyo isingefungwa. Hakuna aliyecheka.

"Pilibhit tutafika," akasema. "Kwanza niambieni, hizi chapati ni za nani?"

"Zangu, madam," Sumbul akajibu, chap, hata jicho halikupepesa.

Rachita alihisi masikio yanawaka. Lile jambo ni lake. Ndicho kitu pekee kwenye ile karatasi ambacho ni chake. Lakini atathibitishaje bila kuutaja uani? Akiutaja uani, ambao haumo kwenye CV, itabidi amtaje Munne, akimtaja Munne Pilibhit inaanguka, na chini kuna sahihi yake. Na kwenye karatasi ya pembeni, sahihi ya Sumbul.

"Na wewe?"

"Chapati ni zangu, madam." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Pilibhit sijawahi kufika. Anayetuchapia CV anatuandikia wote hiyo hiyo."

Akaeleza yote, uani, watoto saba, miaka sita. Madam Khanduri akachukua kalamu nyekundu, akaifuta Pilibhit, akamwambia aandike uani pale juu na asaini upya. Kisha akamgeukia Sumbul na kumuuliza yeye Pilibhit alikaa mtaa gani. Sumbul alichukua mkoba wake, akatoka taratibu.

Rachita alipewa chaki na darasa la sita, dakika ishirini. Alitoka huko na kazi, miezi mitatu ya majaribio.

Getini Sumbul alikuwa bado yupo, macho mekundu.

"Kusema lako sikukatazi, dada," alimwambia. "Ila ungeishia kwenye chapati. Hayo ya 'wote' nani alikuuliza?"

Sumbul akavuka barabara bila kungoja jibu.

Sasa niambieni ukweli, msijifanye malaika. Ungekuwa wewe mbele ya ile meza, Aprili inakuja, na huyo dada aliyekupa maji amekaa pembeni yako, ungefanyaje?