Lori la Baba Ndani ya Linux

Baba aliendesha malori miaka thelathini na mmoja, hadi goti lilipomgomea. Siku hizi anaendesha mchezo wa malori kwenye kompyuta yangu ya zamani, mguu mbovu juu ya stuli, mikono kwenye usukani wa plastiki. Kompyuta hiyo niliiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuiendesha, baada ya Windows kuielemea. Mchezo wenyewe ni wa Windows, ila ipo programu inayouhadaa udhani uko kwao, ndani ya Windows, ukatulia.

Jumamosi moja asubuhi akaniambia, "Mwanangu, malori yote haya ni ya vijana. Langu halimo."

Nilipekua mtandaoni nikalipata. Mtu fulani, hata simjui, alikuwa amelichonga kwa kompyuta lori lile lile la pua ndefu aliloendesha Baba, pamoja na honi yake. Lilikuja kama faili la kuongezea mchezoni, na kuliweka ni kwa mkono. Nikazama kwenye folda zilizofichwa, nikaifikia diski C ya bandia ambayo ile programu huuonyesha mchezo, nikaunda folda ya "Mod", yaani ya nyongeza, nikalitia humo. Tukawasha. Halipo. Nikarudia mara tatu.

"Labda liko gereji," Baba akasema, kunifariji tu.

Nyuma yetu Mama alikuwa akikunja nguo. Alipiga chapa ofisini tangu enzi za taipureta, na jicho lake halisamehe kosa. Akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Mbona neno hili lipo mara mbili? Huku kwa herufi kubwa, kule kwa ndogo."

Kumbe mchezo ulikuwa na folda yake ya "mod" tangu mwanzo. Windows ingezihesabu kuwa kitu kimoja. Linux iliziona mbili, na mchezo ukawa unachungulia ile yake, tupu. Nikalihamisha faili, nikaifuta folda yangu, nikawasha tena.

Lori likatokea. Baba akapiga honi. Mama akaliacha shati mapajani.

"Enzi zile nikiisikia honi hiyo kwenye kona, nabandika maji yako ya kuoga," akasema taratibu. "Lakini hukuwahi kunipandisha, hata siku moja."

"Kampuni ilikataza abiria. Sogeza kiti, mama watoto, tupeleke saruji."

Akasogeza. Walisafiri hadi saa ya chakula. Kila kona Mama alimwambia apunguze mwendo, na Baba akapunguza, jambo ambalo katika nyumba ile sikuwahi kuliona.