Mturuki Aliyekimbia Siku ya Posa

Beya alikuwa amekatazwa kusema. Si kwa ubaya. Ndivyo desturi inavyotaka. Kijana anayekwenda kujitambulisha kwa wakwe huinamisha kichwa na kufunga mdomo, jamaa zake wakamsemea. Naye Beya, ambaye hata kanisani hanyamazi, alikaa kwenye kiti cha plastiki uani kwa Tata Mukalay, baba wa msichana, huko Kapata, mtaa wa Kolwezi, akijiuma midomo asije akacheka. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka magoti yakawa yanacheza yenyewe.

Msemaji wake alikuwa shangazi yake, Mama Bilonda, na mama huyo akishapewa neno, kumnyang'anya ni kazi. Aliwasalimu wenyeji, akausifu ua, akausifu mti wa parachichi, akamsifu hata mbwa. Kisha akaingia kwenye habari yenyewe, kazi ya Beya.

Hapo ndipo posa ilipokuwa imekwama siku zote. Beya anauza majina ya mtandao, yale ambayo kampuni huyatumia ili watu waipate kwenye intaneti. Anayewahi kuliandikisha jina ndiye mwenyewe, na atakayelitaka baadaye sharti alinunue kwake. Tata Mukalay, mstaafu wa mgodi ambaye sasa anauza mihogo anayoitoa Kasaji kwa treni, alikuwa ameelezwa haya mara nyingi, na jibu lake halikubadilika: mtu anayeuza kitu kisichoshikika ni mwizi ambaye hajakamatwa. Binti yake Valérie hataolewa na mwizi. Siku Beya atakapouza kweli, na aje.

Basi juma lile Mturuki mmoja akalipenda jina lenye maneno Lualaba, mkoa wao, na kobalti, madini yake. Wakapatana bei, Mturuki akaandika kwamba neno lake ni neno. Beya angengoja malipo yaingie, lakini nani angoje na moyo unaruka namna ile? Alimkimbilia shangazi, shangazi akakodi viti na kununua vinywaji. Mbeleko ikanunuliwa na mtoto hajazaliwa.

Sasa, pale uani, Mama Bilonda alikuwa anampamba Mturuki kwa maneno. Mturuki akapata ndege. Akapata jengo la ghorofa. Alikuwa karibu kuhamia Kolwezi na familia yake yote wakati simu ilipotikisika mfukoni mwa Beya.

Akachungulia. Mturuki aliomba radhi sana: mshirika wake amekataa, hawanunui tena.

Wanunuzi wa namna hiyo Beya anawajua. Katika kazi yake hukubali asubuhi na kutoweka jioni. Ila hao wengine walikimbia bila mashahidi. Huyu alikuwa anakimbia huku shangazi akimvisha suti. Beya angenyamaza tu, desturi yenyewe ilikuwa inamwamuru anyamaze, na angempata Valérie. Alitazama pazia la dirisha, akaona jicho moja la Valérie likimchekea, na akaona aibu. Akasimama.

"Tata, munisamehe," alisema. "Kliyan, ule Mturuki wa kununua, amekimbia. Sasa hivi. Makuta ya kulipa hayitakuya."

Mama Bilonda aliketi mahali ambapo hapakuwa na kiti. Wajomba wa Beya, waliokuja naye, wakamwinua. Hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama mwenye nyumba.

Tata Mukalay aliuliza kama walikuwa wamepatana bei. Walikuwa wamepatana. Na mtu huyo ametoa sababu gani? Beya akajibu, kwa sauti ya mtu anayezikwa, kwamba mshirika wake amekataa.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Akavua miwani, akafuta macho, akacheka mpaka akakohoa. Sokoni wanasema hivyo hivyo, alieleza alipopata pumzi. Mtu anapatana bei ya mihogo, unamfungia gunia, halafu anasema anakwenda kumuuliza mke wake kwanza. Mke huyo hajawahi kuonekana.

"Miaka yote mi nilisema we ni mwizi," alimwambia Beya. "Lakini kliyan ya mwizi hakimbiake. Anashitukaka tu ameisha kulipa. We, bakliyan banakukimbia. Ni kusema unauzishaka kweli."

Akageuka upande wa nyumba, akamwita binti yake. Valérie akatoka, akapiga magoti mbele ya kreti la vinywaji, kwa maana haifunguliwi hata chupa moja kabla msichana hajakubali. Baba akamuuliza kama amesikia. Alikuwa amesikia. Hakuna Mturuki, alimwambia baba, hakuna makuta. Je, wanywe, au jamaa hawa warudi na kreti lao?

Beya aliinamisha kichwa, na safari hii si kwa desturi.

"Munywe, tata," alisema Valérie. "Mi siko kliyan."

Vigelegele vya Mama Bilonda vilisikika mpaka safu ya mwisho ya nyumba za kampuni ya mgodi.