Alichobonyeza Veronicah

Mwaka wa 1998 Cicily Wanja alipata kazi katika mradi wa utafiti uliotaka kujua mambo ambayo watu hawayasemi. Wakubwa wa mradi walikuwa wameona kwamba mwanamke akiulizwa ana kwa ana mambo ya kitandani kwake, au kama amechoka kuishi, hujibu kile anachodhani kinafaa. Ndipo wakaleta kompyuta ya kubeba mkononi. Katika soko la Karurumo, huko Embu, wengi walikuwa hawajawahi kuona kitu kama hicho.

Cicily aliiweka juu ya meza katika ukumbi wa kanisa, akaiunganisha na betri ya gari. Mwanamke alivaa vifaa vya kusikilizia masikioni, sauti ikamuuliza kwa Kiembu, naye akabonyeza kitufe chenye kibandiko cha kijani kama jibu ni ndiyo, chekundu kama ni hapana. Cicily mwenyewe alikaa mbali, karibu na dirisha. Hakujua nani amejibu nini.

Jumatano alikuja Veronicah, mke wa Mbaka, mwanamume aliyekuwa na shamba la muguka, yale majani ya kutafuna, huko chini. Alikuwa mama wa watoto wawili, Mutugi na mdogo wake, mpole, wa maneno machache. Alipomaliza hakuinuka.

"Mama Mutugi, imekwisha?" Cicily akauliza.

"Imeniuliza kama nimewahi kutaka kufa." Alivua vile vifaa polepole. "Hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo."

Akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda.

Sheria ya kazi ilikuwa moja na Cicily alikuwa ameitilia sahihi: usimfuate aliyejibu nyumbani kwake. Lakini ule uso wa Veronicah haukumtoka akilini. Ijumaa, saa nne asubuhi, aliteremka hadi bomani kwao kumjulia hali. Veronicah alikuwa ameenda kuchota maji. Mbaka alikuwepo. Alimpa kigoda kwa heshima zote.

"Kumbe wewe ndiye wa ile mashine," akasema. "Inawauliza nini?"

"Mambo ya afya tu, mzee."

"Na mke wangu alijibu nini juu yangu?"

Jibu la kweli lilikuwa jepesi: sijui. Lakini Cicily alishtuka, akakumbuka semina walikofundishwa kutunza siri, akasema, "Hayo siwezi kuyasema."

Mbaka akatabasamu. "Kwa hivyo yapo."

Cicily aliondoka upesi. Njiani alikutana na Veronicah akipanda mlima na mtungi mgongoni. Walisalimiana, wakapishana. Hakumwambia kitu. Alijua kwamba ameharibu, akajiambia huenda hakuharibu sana.

Jumatatu wanawake tisa walikuwa wakingoja zamu zao pale ukumbini, mmoja wao Kiende, mama Njura, mwanamke mwenye mabega mapana aliyeolewa hapo kutoka Meru, Veronicah alipoingia bila viatu. Taya lake lilikuwa limevimba mpaka jicho moja halionekani. Mkono wa kushoto ulining'inia.

"Amenipiga tangu Ijumaa," akasema. Meno mengine hayakuwepo. "Leo ametoka nje kidogo nikakimbia. Anakuja. Anataka mashine imsomee."

Cicily alikimbilia mlango. Komeo lilikuwa bado mkononi mwake wakati Mbaka alipoupiga mlango teke, ukamtupa sakafuni. Aliingia na panga.

"Wapi sauti ya mke wangu? Ifungue nisikie!"

"Haina sauti yake," Cicily akalia. "Ni nambari tu! Hata jina lake halimo! Mimi mwenyewe sijui alichojibu!"

"Uliniambia yapo!"

Alilikita panga katikati ya kioo cha kompyuta. Akakata tena, na tena, mpaka vibandiko vikaruka pamoja na vipande vya plastiki. Aliisukuma meza, betri ikaanguka ikapasuka, maji yake makali yakatiririka sakafuni yakinuka. Kisha akamgeukia Veronicah, aliyekuwa ameganda ukutani.

Cicily hakukumbuka alivyoinuka. Alikumbuka tu kwamba aliinua mkono wake wa kulia kati ya panga na kichwa cha Veronicah. Hakusikia uchungu. Aliona vidole viwili chini, akashangaa vya nani.

Kiende ndiye aliyerusha benchi. Lilimpata Mbaka magotini, akaanguka, panga likateleza. Wanawake wote tisa wakamwangukia. Walimpiga kwa viti, kwa viatu, kwa kipande cha kuni kilichokuwa jikoni mwa kanisa. Mmoja alikuwa akipiga huku akitaja jina la mumewe mwenyewe. Damu ilimtoka Mbaka masikioni na bado waliendelea. Kiende akaokota panga.

"Acha!" Veronicah akasema.

Kiende hakushusha mkono. "Huyu nikimwacha atakuua."

"Acha, mama Njura. Alikuja kusikia. Asikie kwanza."

Alipiga magoti kando ya mumewe, akiushika mkono wake mwenyewe uliovunjika. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Iliuliza kama unanilazimisha. Nilibonyeza kijani. Iliuliza kama uliniletea ugonjwa na ukakataa tutibiwe. Kijani. Iliuliza kama nimetaka kufa. Kijani. Umesikia?"

Mbaka alikuwa na jicho moja tu lililofunguka. Alilifumba. Kiende alilitupa panga nje ya dirisha, akaenda kuwaita askari.

Mbaka alifungwa miaka minane. Kiende na wenzake hawakushtakiwa. Cicily alishonwa mkono hospitalini Embu, kisha akaenda kwa Mwiti, msimamizi wake, akamweleza juu ya Ijumaa ile. Mwiti alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba arudishe kitambulisho cha kazi.

Veronicah alihamia Ruiri kwa dada yake pamoja na watoto. Cicily alichukua miezi mitano kupata ujasiri wa kwenda huko. Alimkuta shambani akichimba viazi, mkono umeunga ukiwa umepinda.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Mimi ndiye niliyekuja kwenu. Maneno yangu ndiyo yaliyokuponza."

"Najua. Alinieleza akinipiga." Veronicah aliegemea jembe. "Ulikosea, Cicily. Na vidole vyako havifuti hilo."

"Ndiyo."

"Sijamaliza kukukasirikia. Labda nitamaliza, labda sitamaliza."

Cicily alisimama akiwa hajui kama aende. Upepo baridi wa mlimani ulivuma, na mvua ilikuwa inakuja. Veronicah alitazama juu, akatazama viazi vilivyotapakaa mtaroni, akamsukumia gunia kwa mguu.

"Okota upande huo," akasema. "Vikinyeshewa vitaoza."