Rufaa ya Shemeji Yangu

Msiniambie Rugemalira ni mjinga. Mjinga husamehewa. Yule ni bahili, na ubahili wake umenila mimi.

Mume wangu Datius, Mungu amrehemu, alikuwa kaka yake. Alipokufa aliacha nyumba na kibanja chenye migomba ya kujivunia, na kaburi lake liko humo humo. Mtoto wa kiume sikujaliwa. Kwa desturi yetu Wahaya, kibanja kikawa cha mdogo wake, Rugemalira, nami nikabaki kukaa humo na kula humo mpaka siku yangu ifike. Hakuna aliyenibughudhi, hadi mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka na karani wa kodi ya nyumba akaja Kanazi, ameongozana na Karugendo, mkungu anayetawala kijiji chetu.

Karani alihesabu nyumba kwa moshi. Penye moshi pana mtu, penye mtu pana kodi. Akaona moshi wangu, akauliza kibanja ni cha nani, akaambiwa cha Rugemalira. Basi akamwandikia nyumba mbili: ile anayokaa na mkewe Immakulata, na hii yangu, kana kwamba mimi ni mke wake wa pili. Loo! Rugemalira huyu huyu, anayeimba kanisani mpaka mishipa ya shingo inamtoka!

Nilimwambia twende wote kwa mwami wa gombolola, mkubwa wa wakungu wote wa huku, tukaseme ukweli: huyu ni mjane wa marehemu kaka yangu, hana uwezo, asamehewe. Wajane wengine walikuwa wamesamehewa. Alikataa. Aliogopa kwamba akikiri kibanja ni urithi wake, kodi itamganda. Akaniambia baraza si mahali pa wanawake, akavaa kanzu yake nyeupe, akaenda. Nikamfuata, nikasimama nje karibu na dirisha.

Mwami alimsikiliza kwa upole. Ule upole ungemtisha mtu mwenye akili. Kisha akamuuliza nyumba ile ni ya nani.

"Si yangu, waitu, bwana wangu," Rugemalira alisema. "Nyumba si yangu, kibanja si changu, na mwanamke yule si wangu."

Mwami akamwambia afikiri tena. Mhaya yeyote anayejua jinsi vibanja vinavyopotea angefunga mdomo hapo. Yeye akatoa rozari mfukoni, akaapa.

Basi mwami akamwamuru karani afute nyumba ya pili. Rufaa imeshinda. Rugemalira akapiga magoti kushukuru, na akiwa bado chini, mwami akawauliza wazee kibanja kisicho na mwenyewe huwa cha nani. Wakajibu, huku wanatazama miguu yao, kuwa ni cha mwami. Pale pale akampa Karugendo.

Jioni ile Karugendo alikuja na watu wake, wakatupa vyungu vyangu nje. Nilishika msalaba wa kaburi la Datius mpaka wakanibandua. Ndani akamweka mke wake mdogo.

Nilikwenda kulala kwa jirani. Rugemalira akanifuata huko, analia kuliko mimi. Akaniomba nikaseme barazani kwamba mimi ni mke wake kweli, na kwamba alinikana kwa kumwogopa Padri. Kibanja kitarudi, alisema, nami nitarudi kwangu. Nilimchukia. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitaka nyumba yangu. Nikaenda, nikapiga magoti mbele ya wanaume wote wale.

"Mimi ni mke wa Rugemalira," nikasema.

Mwami alicheka mpaka akafuta machozi.

"Vizuri," alisema. "Mke hukaa kwa mumewe. Nenda kwake. Kibanja nimekwisha kukitoa, na mimi sili matapishi yangu."

Tangu hapo nalala jikoni kwa Immakulata, naye hanisemeshi. Kodi yangu hakuna anayelipa, maana jiko si nyumba. Rugemalira amepata alichokwenda kukitafuta.

Pasaka ilipofika, Padri alinipita kwenye komunyo bila kunipa, mbele ya parokia nzima. Nilingoja ampite na Rugemalira. Hakumpita. Kumbe bwana huyo alikwisha kumwendea, akamweleza kuwa hajawahi kunigusa, kwamba mimi ndiye niliyejitangaza mke wake kwa tamaa ya kibanja. Baada ya misa Padri aliniita pembeni, akaniuliza kama ni kweli nilisema maneno yale barazani, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ni kweli, Padri. Nilisema.