Mhuri wa Namba Tatu

Cathal Tummon alifariki mwezi wa Februari, ndani ya gari lake, kwenye kituo cha mafuta cha Derrygonnelly. Alikuwa ameshajaza mafuta na ameshalipa. Alirudi kwenye kiti, akafunga mlango, moyo ukasimama. Gari la nyuma yake lilipiga honi na kupiga tena kabla ya mtu kushuka kwenda kumtazama.

Mkewe, Dympna, aliletewa habari hizo ofisini, kwenye kiwanda cha mbao cha familia. Alichokikumbuka baadaye ni kwamba alimaliza kwanza kuandika anwani ya mteja aliyokuwa ameianza, ndipo akavaa koti. Nyumba ilijaa watu. Walileta mikate ya nyama ya nguruwe na keki za zabibu kwenye sahani zilizobandikwa majina kwa chini, ili zirudi kwa wenyewe. Alishikana mikono na kila mmoja wao. Kila mmoja alimpa pole, naye akamshukuru kwa kuja. Cathal akazikwa kwenye makaburi ya Monea, mvua ikinyesha. Jumatatu iliyofuata Dympna alikuwa mezani kwake tena, kwa kuwa saa ya kuamka ilifika na hakuona kingine cha kufanya.

Majirani walisema ni mwanamke jasiri. Yeye hakuona ujasiri wowote. Alikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ambaye shavu lake lipo lakini akiligusa haliko.

Kiwanda kilianzishwa na baba wa Cathal, Sylvester, ambaye wilaya nzima ya Fermanagh inamwita Vesty. Ni mzee mjane, nyumba yake imepakana na uwanja wa magogo. Alipochoka kusimamia alimwachia mwanawe, lakini kila asubuhi aliendelea kuvuka uwanja na kuingia kwenye banda la kupasulia mbao, kunung'unika juu ya jinsi msumeno ulivyonolewa. Baada ya mazishi hakuna aliyemzuia. Wafanyakazi walimwona amesimama mahali pa mwanawe, mbele ya ile meza ndefu ambapo mbao hukaguliwa, wakainamisha vichwa na kuendelea na kazi. Dympna yeye hakukanyaga kwenye banda lile. Alikaa ofisini, akachapa lebo za mizigo, akapokea simu.

Sasa mbao ya kubeba paa haiuzwi hivi hivi tu, si upande huu wa mpaka wala upande wa kusini, wa Dublin. Lazima mtu aliyefuzu aitazame pande zote: ukubwa wa mafundo, nyufa, mshazari wa nyuzi, imepinda kiasi gani. Akiridhika anaigonga mhuri. Mhuri una herufi mbili za kuthibitisha ubora, C na E, una namba ya cheti cha kiwanda, una daraja la nguvu ya mbao, na pembeni una namba ya aliyeitazama. Namba ya Cathal ilikuwa tatu. Dympna naye alikuwa na yake, nne, kwa kuwa walikwenda kusomea pamoja mwaka waliooana, ila miaka yote hiyo aliitumia pale tu mumewe alipougua au alipokwenda kutazama mpira. Vesty alikuwa na namba moja zamani. Walipobadilisha kanuni alitakiwa arudi kufanya mtihani, akasema hawezi kutahiniwa juu ya mti na watoto waliozaliwa hospitalini. Namba yake ikafutwa.

Misa ya kutimiza mwezi tangu kifo ilipita. Mwezi wa Aprili akaja mkaguzi kutoka Dublin, kama anavyokuja kila mwaka. Anaitwa Orlaith Spillane, mama mnene mwenye lafudhi ya watu wa Cork, anayetembea na buti zake mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki. Hakuwa amepata habari za msiba. Alipoambiwa aliketi, akamshika Dympna mkono, akauliza kama wangependa aje siku nyingine. Dympna alimjibu kwamba siku zote ni sawa.

Wakazunguka. Akapima unyevu wa mbao zilizotoka kwenye tanuri, akatazama vipimo, akaridhika. Mwisho wakafika kwenye mizigo iliyofungwa tayari kupakiwa. Orlaith aliinama kusoma mihuri, akainuka akasoma lebo, akainama tena.

"Dympna, niwie radhi," alisema. "Mzigo huu umepasuliwa Machi."

"Ndiyo. Lebo nimechapa mwenyewe."

"Na aliyeukagua ni namba tatu."

Dympna alitazama. Wino ulikuwa mweusi, umekolea vizuri, tatu kwenye kila ncha ya mbao, kuanzia chini hadi juu ya mzigo. Akatazama mzigo wa pili, na wa nyuma yake. Alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Alichowaza ni kwamba Cathal alikuwa na desturi ya kugonga mhuri ukiwa umelala kidogo kushoto, na hii yote ilikuwa imenyooka.

Vesty aliitwa. Alikuja na kofia yake, akasimama mbele ya wanawake wale wawili, wala hakukana.

"Nimezitazama zote," alisema. "Mbao mbovu nimezitupa. Huyo unayemwona kwenye mhuri, nani alimfundisha? Mimi. Kabla hamjawa na vyeti vyenu."

"Sina shaka na macho yako, Vesty," Orlaith alimwambia taratibu. "Lakini namba hii inamwambia mwenye nyumba kwamba paa likianguka, yupo mtu wa kuulizwa. Leo nikitaka kumuuliza namba tatu, nimfuate wapi?"

Dympna ndiye aliyejibu.

"Monea. Geti la pili, ukutani, mkono wa kulia."

Alilisema kama anavyowaelekeza madereva wa malori. Orlaith akafungua begi lake.

Akawaeleza hatua zake, na hakuzidisha ukali. Cheti cha kiwanda kinasimamishwa. Kila mbao iliyogongwa namba tatu baada ya mazishi itafutwe ilipo, ikaguliwe upya na mtu aliyefuzu, mhuri wa zamani uondolewe, ugongwe wa kwake. Na mhuri wenyewe wa marehemu ukabidhiwe, uharibiwe mbele yake atakaporudi. Kuhusu nani amefuzu hapakuwa na mjadala. Alikuwa amebaki mmoja.

Vesty alisema mhuri umepotea. Akageuka akaenda zake, na mkono wake ulikuwa mfukoni.

Kwa hiyo Dympna aliingia kwenye banda. Wafanyakazi walimfungulia mizigo, wakamwekea mbao moja moja mezani, naye akazigeuza. Fundo, pembe, ufa. Geuza. Mshazari wa nyuzi, geuza. Alipitisha randa ya umeme kwenye ncha, namba tatu ikaondoka kama ganda la viazi, akagonga nne. Mmoja wa wapasuaji, Fintan, ambaye hajui kukaa na kimya, alimuuliza kama hajisikii vibaya kumfuta mumewe namna ile.

"Mkono unauma," Dympna alimjibu. "Nisogezee hiyo nyingine."

Kweli hakuwa na zaidi ya hapo. Usiku alilala bila ndoto, asubuhi akaamka akaja. Mzee alikuwa na macho kweli. Mbao za kukataliwa zilikuwa chache. Lakini zilikuwepo, na kila alipokuta moja aliiweka kando, na wote bandani walijua ni nani aliyeipitisha.

Mzigo mmoja ulikuwa umeshauzwa. Ulikuwa kwa Wesley Armstrong, mfugaji wa ng'ombe upande wa Lisbellaw, aliyekuwa akijenga ghala jipya la majani. Dympna alimpigia simu akamweleza yote, bila kuficha na bila kuomba radhi nyingi. Wesley alisema paa limeshasimama, bado bati tu, lakini aje.

Alikuta jukwaa la mabomba na ngazi. Wesley, mtu mrefu wa kanisani, ambaye hata shambani huvaa tai, alimshikia ngazi. Dympna alipanda akapita chini ya paa, mbao kwa mbao, na tochi na kipimo. Upepo kutoka ziwa la karibu ulimpiga masikioni. Mbili zilikuwa na mafundo makubwa ukingoni, mahali pabaya, akazitia chaki. Alimwambia Wesley zitatolewa na ataletewa nyingine bure.

"Na hizi nyingine?" Wesley aliuliza kutoka chini.

"Ni nzima. Nabadilisha mhuri tu."

"Mimi sitakushtaki ukiuacha, Dympna. Nilimfahamu Cathal. Si vibaya akikaa humo juu ya majani yangu."

Alisimama na randa mkononi. Alielewa kwamba mtu yule anamfanyia wema, na kwamba wema huo, kwa mwanamke mwingine, ungemfanya aketi pale pale juu ya mbao na kulia. Akaupima huo wema kama anavyopima ufa.

"Paa likivuja utataka kumpigia mtu simu," alisema. "Nipigie mimi."

Akawasha randa.

Alipomaliza mke wa Wesley alimpa chai na mkate wa magadi soda wenye siagi nene, akamfungia na wa kwenda nao. Njiani kurudi Dympna hakwenda kwake. Aliegesha mbele ya nyumba ya mkwewe, akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, kama wanavyoingia watu wa familia. Vesty alikuwa jikoni, amekaa dirishani. Tangu siku ya mkaguzi walikuwa hawajasemeshana.

Aliweka mkate mezani. Akamwambia kazi imekwisha, umebaki mhuri, na Orlaith anarudi Ijumaa.

"Nilishakwambia umepotea."

"Vesty."

Mzee alitazama nje. Kutoka pale dirishani paa la banda lilionekana, na mlango wake.

"Miaka yote ile nilikuwa nakunywa chai hapa na kumsikia," alisema. "Tak, tak, tak. Nikijua kazi inakwenda. Hata mama yake alipofariki, asubuhi yake nilimsikia. Halafu siku ya kwanza baada ya Monea nikakaa hapa. Kimya. Nikakaa na siku ya pili. Nikasema, basi, mimi mwenyewe nina mikono."

"Ungetumia wa kwangu."

"Wa kwako una sauti nyingine."

Dympna alitega sikio jikoni mle. Jokofu lilikuwa likinguruma. Akajaribu kuikumbuka sauti ya mhuri wa mumewe ikoje, akaikosa, na hata kuikosa kwenyewe hakukumuuma.

"Mimi sisikii kitu, Vesty," alisema. "Si huo tu. Tangu Februari. Nakaa nangoja kianze. Wewe angalau ulikwenda ukaiba."

Mzee alimgeukia. Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumtazama sawasawa. Akatia mkono mfukoni akatoa mhuri, mpini wake wa mbao umeng'aa kwa jasho la mikono, akauweka karibu na mkate.

"Haya, binti," alisema. "Chukua kabla sijabadilisha nia."

Ijumaa Orlaith alikuja. Dympna akaikata raba ya mhuri vipande kwa kisu cha kukatia zulia, mbele yake, juu ya meza ya ofisi, akavitupa kwenye pipa. Haikuchukua muda wa kuchemsha birika. Cheti kilirudishwa wiki iliyofuata, Wesley akapata mbao zake mbili, akaezeka.

Orlaith aliacha sharti moja: kiwanda kiwe na mkaguzi wa pili, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuugua, au zaidi ya kuugua. Kila mtu alishangaa Vesty aliposema atakwenda yeye. Mwezi wa Juni Dympna alimpeleka chuoni Enniskillen kwa mafunzo na mtihani. Akamngoja kwenye gari, kiti kimelazwa nyuma, akitazama mvua kwenye kioo.

Mzee alitoka jioni, kofia mkononi. Alipita vizuri kwenye kugeuza mbao, alisema. Mwalimu mwenyewe alimwita aje awaonyeshe wengine. Kwenye karatasi alianguka. Walimuuliza mambo ya unyevu na asilimia, akaandika anavyojua yeye. Wamemwambia anaweza kurudia mwezi wa Septemba.

"Utarudia?"

"Sijui. Labda." Alifunga mkanda. "Nilimwambia mwalimu nina mkwe mkali, atanirudisha tu."

Waliondoka. Walipotoka mjini, mzee akasema akitazama mbele:

"Umeshalia?"

"Bado."

"Mimi nililia jana. Natafuta soksi. Sikujua hata ninalia nini."

Dympna alipunguza mwendo nyuma ya trekta, lori likapita, akalipita trekta. Vesty akafungua redio. Fermanagh walikuwa wanacheza na Cavan, kipindi cha pili, na walikuwa wanafungwa vibaya. Mtangazaji alikuwa ameshakata tamaa, anawataja wachezaji kwa majina ya baba zao. Dympna alifikiri mzee atazima. Hakuzima. Wakasikiliza hadi mwisho, hadi kipenga, na matangazo ya mbolea yaliyofuata.