Pwani Bila Sufuria

Kwetu Couva, mji wa mashamba ya miwa, mtu haendi baharini peke yake. Huenda na sufuria. Pilau, hii yetu ya kuku na mbaazi inayoanza kwa kuunguza sukari, hupikwa alfajiri, sufuria ikafungwa kwa mataulo, ikapakatwa garini na mtu mnene kuliko wote ili isimwagike, na nyuma yake hufuata wajomba, wake zao, watoto wa jirani, sanduku la barafu, redio, na bibi mmoja wa kulalamika kwamba mchanga umemwingia viatuni. Wakifika wanaoga kidogo, wanakula sana, wanarudi. Hiyo ndiyo bahari wanayoijua. Nimewapikia bahari hiyo tangu mama alipofariki, nikiwa bado msichana wa shule, na sijawahi kuiona vizuri, maana ufukweni sufuria hupashwa tena, na ukisimama kwenye moto mgongo ndio unaoelekea maji.

Kwa hiyo nilipotangaza mezani kwamba nakwenda Tobago, kisiwa cha ng'ambo, wiki nzima, mimi Rookmin, peke yangu, vijiko vilisimama.

"Nani kakuudhi?" akauliza Boysie, mdogo wangu. Boysie ana tumbo, ana mke, ana wana wakubwa wenye ndevu, na hajui chai inatengenezwaje.

"Hakuna aliyeniudhi."

"Basi ni daktari," akasema Kamla, mdogo wetu wa mwisho, aliyerudi nyumbani na watoto wake baada ya ndoa kumshinda. Machozi yalikuwa yameshamlenga. Kamla hulia kama bomba bovu, huna haja ya kulifungua. "Sema tu, dada. Tuambie, tujue."

"Na sisi wiki nzima tutakula nini?" akauliza Sherma, mke wa Boysie. Namdharau Sherma kwa mambo mengi, lakini siku hiyo ndiye pekee aliyesema alichokuwa anakiwaza.

Niliwaambia ukweli. Nina miaka sitini na kidogo na sijawahi kulala katika nyumba ambayo hakuna mtu mwingine. Sijawahi kumaliza kikombe cha chai bila kuitwa. Nilitaka wiki moja ya kukaa mahali ambapo hakuna atakayeniuliza chochote, basi, nikipewa hiyo nitarudi kuwapikia mpaka nife. Walicheka. Boysie alicheka mpaka akapaliwa, na mimi ndiye niliyekwenda kumletea maji.

Meli ilikuwa imejaa watu wa aina yao. Kila ukoo na sufuria yake, kila sufuria na mlinzi wake. Mama mmoja aliniona nimekaa na begi dogo tu akanisogezea mtoto wake nimshike, eti mimi mikono yangu haina kitu. Nilimwambia mikono yangu iko likizo. Akanitazama kana kwamba nimemtukania dini.

Bi Eutrice, mwenye nyumba ya wageni pale kijijini Castara, alinipokea mlangoni kwa sauti ya kuongoza kwaya, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Wenzako wanakuja na gari jingine?"

"Sina wenzangu."

"Mume?"

"Sina."

"Watoto basi."

"Sina."

"Pole, mwanangu," akasema, akanishika bega. Hanizidi hata miaka mitano, lakini tayari nilikuwa mwanawe.

Jioni aliandaa kaa wa mchuzi kwa sahani mbili. Nilipomwuliza ya pili ni ya nani akasema huwezi kujua. Kujua nini, hakusema. Alisubiri kidogo, akaona hakuna mtu anayetokea kunioa, akaketi mwenyewe akala, huku akinisimulia wajane wote wa kijiji na magonjwa yao. Meza ya pembeni Mwingereza na mkewe walikuwa wakimpiga picha kaa wao kwa zamu, mpaka mchuzi ukapoa ukaganda. Niliwaonea kinyaa wote kwa pamoja, nikaenda kulala.

Kisha asubuhi nikaingia baharini.

Sijui kuogelea na sina mpango wa kujua. Niliingia na gauni langu kama wanawake wetu wote wa rika langu, nikakaa chini pale maji yanapokufika kifuani, nikaangalia mbele. Wimbi lilikuja, likanyanyua gauni, likalishusha. Hakuna aliyeniuliza chumvi iko wapi. Hakuna aliyetaka kujua kama shati lake la bluu limefuliwa. Nilikaa mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, na nilikuwa na furaha kubwa, nasema wazi, furaha ambayo sikuwa nimewahi kuipata hata siku za harusi za watu, ambako hata hivyo huwa nipo jikoni.

Siku ya pili nikafanya vilevile. Hapo ndipo nilipomwona yule mwanamume.

Aliitwa Fitzroy Baptiste, polisi mstaafu, ambaye kazi yake siku hizi ni kuvaa kofia. Alikuwa amekaa juu ya mashua iliyopinduliwa, akimenya chungwa na kunitazama. Nikasogea upande wa mawe. Akasogea upande wa mawe. Nikatoka majini, maji yakinichuruzika, nikamwendea.

"Baba, una shida gani?"

"Sina shida, dada yangu. Napunga upepo tu. Mwanamke mzuri kama wewe, bahari itakuonea wivu."

"Bahari ina kazi zake. Wewe huna?"

Akala kipande cha chungwa polepole. "Bora nikae hapa," akasema. "Maji ya huku yana tabia ya kuvuta watu." Hakuniangalia aliposema hivyo, nami nikamchukulia kuwa mzee mmoja anayetaka mwanamke wa kumpikia. Mjinga mimi. Nimeishi na watu wa visiwa hivi maisha yangu yote na bado nilisahau akili zao zinavyofanya kazi.

Niliporudi nyumbani kwa Bi Eutrice nilimkuta barazani, amejipanga. Alinishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, sikiliza. Hakuna mwanamume duniani anayestahili."

"Anayestahili nini?"

"Unaingia majini na nguo zako. Unakaa hapo huongei na mtu. Simu umeifungia kwenye droo, nimeisikia inalia siku mbili. Hukuja na mtu, hukuja na sufuria, rumu hunywi. Mimi si mtoto. Nimeona watu wakija hivyo." Sauti yake ilishuka. "Fitzroy nimemwambia asikuondolee macho."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Nilimwambia nimekuja kupumzika, mtu hukaa baharini kwa sababu kunakalika. Bi Eutrice alinipapasa mgongo kwa huruma, kama mtu anayebembeleza mbuzi mgonjwa, akasema wote husema hivyo.

"Lakini usiogope," akaniambia. "Simu yako nimeipokea mchana. Nimeongea na mdogo wako, yule anayelia. Wanakuja."

Nilikaa chini. Ilinijia wazi kabisa kwamba wiki yangu imekwisha, na kwamba wa kulaumiwa ni wema wa watu. Ningeliweza kumpiga yule mama kwa kiatu. Wema wake ulinichukiza kuliko ufidhuli wowote niliowahi kufanyiwa, kwa sababu kwa mfidhuli angalau unaweza kumjibu.

Kesho yake sikungoja. Niliingia majini mapema, nipate angalau saa chache. Jua lilipokaribia utosini nikasikia redio, kisha nikasikia Kamla.

Alikuja mbio mchangani, akaingia baharini na viatu vyake, na mkoba wake begani, akanirukia shingoni akanizamisha. Kama kuna wakati wowote nilikaribia kufa maji ni huo. Nyuma yake alikuwa Boysie, suruali imekunjwa magotini, analia kwa sauti ya ng'ombe. Wanawe wale wenye ndevu walikuwa wanalia. Watu wa Castara walisimama mchangani wakitazama, wengine wakapiga makofi tulipotolewa majini, na Fitzroy akavua kofia.

"Dada, usitufanyie hivi," Boysie akasema, amenikumbatia na mchanga wake na jasho lake. "Ungetuacha na nani?"

Nikasubiri aseme jingine. Akapangusa pua begani kwangu.

Machozi yalidumu kwa muda wa kumwaga makaa. Maana sufuria walikuja nayo, bila shaka; mtu hawezi kwenda kumwokoa dada yake mikono mitupu. Ila safari hii walikuja na kuku mbichi, mbaazi na mchele, kwa sababu alfajiri ile hapakuwa na mtu wa kupika. Boysie akaenda kulala kitandani kwangu, meli imemchosha. Watoto wakaingia majini, pale pale nilipokuwa nimekaa, wakaanza kurushiana mchanga. Kamla akajipangusa, akamwuliza Bi Eutrice kama kuna vyumba zaidi na kama watu wengi hupunguziwa bei.

"Mama mkubwa, taulo liko wapi?"

"Mama mkubwa, Vishal amemeza maji."

"Dada, chumvi uliiweka wapi?" Chumvi walikuja nayo wenyewe. Mimi niijue kwa vipi?

Sherma alikuwa amewasha moto kati ya mawe matatu. Alinijia na mwiko.

"Wifi, njoo. Sukari hii mimi siiwezi, ikiungua zaidi inakuwa chungu. Wewe ndiye unayejua."

Nikauchukua. Nasema kwa aibu kidogo, mkono uliuchukua wenyewe. Nilisimama kwenye moto, mafuta yakachemka, sukari ikaanza kugeuka rangi, mgongo wangu ukiwa umeelekea bahari. Na hapo, nikitazama povu la sukari, nikatambua kitu. Watu hawa waliamini kwamba nilitaka kufa. Waliamini kabisa, wakapanda meli usiku wa manane haujaisha vizuri, wakalia njia nzima. Na tangu wafike hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama ni kweli, wala kwa nini. Walinitoa majini kama mtu anavyotoa ndoo iliyoangukia kisimani, akaikagua kama haikutoboka, akaendelea kuchota.

Nilikwenda chumbani nikamtingisha Boysie mpaka akaamka. Nikamwongoza ufukweni, miguu peku, macho yamemvimba kwa usingizi, nikamtia mwiko mkononi.

"Koroga."

"Nini?"

"Koroga. Ikiwa nyeusi tia kuku."

"Nyeusi kiasi gani?"

"Utaona."

Alisimama pale ameushika mwiko kama mtu aliyepewa nyoka amshikie mwenyewe. Wanawe walianza kucheka, na nikawaacha wanacheka.

Nilitia vitu vyangu begini. Simu nikaichukua kutoka kwenye droo. Bi Eutrice alinikuta getini.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani. Waambie wakishakula, wasije wakaanza tena kuzama kunitafuta."

"Lakini wamekuja kwa ajili yako."

"Nimewaona."

Alitaka kunishika bega. Alinitazama usoni, akaurudisha mkono wake mahali pake, na hilo ndilo jambo la kwanza la maana alilonifanyia. Niseme pia kwamba alifungua geti mwenyewe.

Nilipanda ndege, kwa sababu meli ni ya watu wenye masufuria. Ndege hata haimalizi kupanda inaanza kushuka. Jua lilikuwa bado juu ya miwa nilipofika Couva, nikafungua mlango, nikasimama.

Hapakuwa na mtu. Televisheni ilikuwa imezimwa. Viti vyote vya mezani vilikuwa vitupu, hata kile kikubwa cha baba ambacho Boysie alijirithisha mwenyewe. Nilitembea chumba hadi chumba, kwenye nyumba ambayo nimeifagia miaka yote hii, na sikujua kwamba saa ya ukutani ina mlio. Nilichemsha maji ya kikombe kimoja, nikanywa chai mpaka chini, nikakiangalia kikombe. Nikamwaga machozi kidogo, si mengi, nisifanane na Kamla.

Simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Dada, pilau imeungua yote. Boysie ameunguza na mkono. Tumeambiwa umeondoka, kweli umeondoka?"

"Niko nyumbani."

Nilisikia redio yao, na mtoto anayelilia taulo. Kisha Kamla akasogea mbali na kelele, nadhani aliingia kwenye maji, kwa sababu nilianza kuyasikia. Sauti yake ikawa ndogo, ya yule mtoto niliyemlea.

"Dada. Ilikuwa kweli? Ulitaka ku... ulitaka kutuacha?"

Moyo wangu ulilainika, sitadanganya. Aliuliza. Alichelewa, lakini aliuliza.

"Hapana, Kamla. Nilitaka kukaa tu."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Peke yangu."

Alifikiri. Nilimsikia akifikiri, na kwa muda mfupi nikaamini kwamba limemwingia.

"Sasa, dada," akasema, "si ungetuambia? Tungekuja wote tukakaa na wewe."

Nikakata simu. Nikatoka nje kwenda getini, nikateremsha komeo la juu na la chini, nikarudi ndani nikakaa.