Duara Nyuma ya Hati

Wanafunzi wake walimpa jina la Mbona, na jina likamkaa. Kwa miaka thelathini alifundisha historia chuo kikuu, na hakuna karatasi iliyopita mkononi mwake bila kugeuzwa nyuma. Mbona wino umebadilika hapa? Mbona kona hii imekunjwa? Alipotimiza miaka hamsini na minne akaingia tena darasani kusomea sheria, akakaa dawati moja na vijana aliowahi kuwafelisha. Mkewe alipomuuliza anatafuta nini na mvi zile, alijibu kwamba amesoma hati za wafu maisha yake yote, sasa anataka kuona watu wanaozigombania wakiwa hai. Mkewe hakuridhika na jibu hilo, ila mume wa namna hiyo ukishamzoea humwachi.

Basi akawa wakili, tena chini ya bintiye mwenyewe. Nyumbani alikuwa baba. Ofisini, katika chumba chenye meza mbili na feni moja iliyoelekezwa upande wa binti, alikuwa wakili mdogo, na kanuni aliyopewa ilikuwa moja tu.

"Baba, shahidi wa upande wa pili usimuulize swali usilojua jibu lake."

"Sasa kama jibu nalijua, nauliza ya nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Historia umeiacha chuoni."

Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya mkunga mstaafu, aliyeishi katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga na marehemu mumewe. Mume alipokufa, mfanyabiashara mmoja aliibuka na hati ya miaka ishirini na minane iliyopita. Hati ilisema mume alimuuzia baba wa mfanyabiashara huyo nyumba hiyo, naye mume akaachiwa akae humo mpaka kufa kwake. Nyumba ya mke na mume haiuziki mke asiporidhia, na chini ya hati karani aliyeiandaa alikuwa ameandika: mke amesomewa, ameridhia. Mkunga alisema hakuwepo. Mbona akaandika "hakuwepo" katika daftari lake, akarudi kwenye nakala ya hati, akaikodolea macho kwa miezi saba. Wakishindwa, mwanamke huyo wa miaka sabini na miwili angetolewa nje na godoro lake.

Hati yenyewe ililetwa mahakamani siku karani alipotoa ushahidi. Karani alikuwa mzee mkavu, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni. Mpango wa binti ulikuwa mfupi: baba aulize swali moja, karani akiri kwamba kumbukumbu zimemtoka, baba aketi.

"Mzee, siku hiyo mke wa muuzaji alikuwa amevaa nini?"

"Sikumbuki, wakili."

Hapo ndipo pa kuketi. Lakini Mbona alikuwa ameshaigeuza hati. Nyuma, kwa penseli iliyofifia, palikuwa na vistari vitatu na kiduara kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Mkono wa binti ukamvuta joho. Aliusikia vizuri kabisa, na hakuketi. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo dau la swali lilikuwa nyumba ya mtu.

"Mbona hapa nyuma kuna vistari, na kiduara?"

Karani akaomba hati, akavaa miwani. Polepole uso wake ukachangamka.

"Hili hajaniuliza mtu tangu nianze kazi," alisema. "Mimi kila anayehusika namsomea hati kwa sauti, msomi na asiye msomi. Aliyesomewa akakubali, namwekea kistari."

"Na duara?"

"Huyo bado. Kule mbele naandika mapema kabisa kwamba amesomewa, ili nisirudie kuandika, halafu namngoja. Akija akasomewa akaridhia, napitisha kistari katikati ya duara."

Mbona akahesabu kwa vidole: muuzaji, mnunuzi, shahidi wao. Vistari vitatu vikaisha.

"Na mke?"

Karani akaisogeza karatasi karibu na miwani. "Mumewe alisema angemleta kesho yake."

"Alimleta?"

"Duara liko tupu, wakili," alisema karani, akavua miwani. Kuchangamka kote kulikuwa kumemwisha.

Baada ya wiki mbili jaji akasoma hukumu: nyumba ni ya mkunga. Mbona akatoka ukumbini akitabasamu kama aliyefaulu mtihani, akamkuta bintiye ukutani, mikono kifuani.

"Baba, lile duara ungejuaje? Kama lingekuwa alama ya mke aliyeridhia?"

"Tungejua."

"Sisi tungejua. Mama wa watu angelala wapi?"

Tabasamu likamtoka. Aliona aibu, aibu hasa, ya mtu aliyeucheza mchezo wake kwa nyumba isiyo yake. Akaenda kwenye benchi alipokaa mkunga.

"Mama, niwie radhi. Siku ile niliuliza bila kujua nitajibiwa nini."

"Niliona. Binti yako alikuwa amefumba macho."

Mkunga akafungua mkoba, akatoa daftari nene lililofunikwa kwa plastiki. Kila mtoto aliyemzalisha alikuwa humo: tarehe, saa, mahali, na sahihi ya mwenye nyumba alimozaliwa mtoto. Akalifungua palipokuwa na uzi mwekundu. Tarehe ilikuwa ya siku ya hati, na mwandiko wa chini yake ulijaza ukurasa mzima mpaka ukaingia wa pili.

Mbona akaanza kusoma, akasita. "Umekuwa nalo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza nilipokuja ofisini kwenu. Humu humu mkobani."

"Mbona hukusema?"

"Binti yako aliniambia nijibu ninaloulizwa tu. Na wewe uliandika 'hakuwepo', ukarudi kwenye karatasi yako. Nikawa nangoja mniulize nilikuwa wapi."

Binti, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akainamisha kichwa. Mbona akalifunga daftari, akamrudishia mwenyewe, kisha akaketi kando yake.

"Ulikuwa wapi, mama?"